Samaki wa Nusu Mwaka na Wazee wa Ziwani

Kwenye madimbwi ya msimu huko Zimbabwe na Msumbiji anaishi samaki mdogo ambaye wanasayansi humwita Nothobranchius furzeri. Mvua ikinyesha anaanguliwa, anakua na kutaga ndani ya wiki chache; dimbwi likikauka anakufa, mayai yanabaki kwenye matope yakingoja mvua nyingine. Hata ukimfuga kwenye tangi lisilokauka, miezi minne hadi sita inatosha kumzeesha. Rangi za dume zinafifia, mgongo unapinda, anaogelea kwa kujikokota.

Mwaka 2017, Dario Valenzano na wenzake nchini Ujerumani waliwapa samaki hawa wa umri wa makamo antibiotiki ili kusafisha utumbo, kisha wakawapandikiza bakteria wa utumbo wa samaki vijana. Waliopandikizwa waliishi muda mrefu kuliko wenzao, na uzeeni walibaki wachangamfu. Fikra iliyo nyuma ya jaribio hilo ni kwamba kinga ya mwili na bakteria wa utumbo huchakaa pamoja: kinga ikilegea, bakteria wanaodhuru hupata nafasi.

Ukiizungumzia kazi hii Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, utaulizwa mara moja: sisi inatusaidia nini? Swali hilo lina uzito. Mama wa Kayenze au Ukerewe ameingia ziwani tangu utotoni, akichota maji, akifua, akipokea mitumbwi ya dagaa. Kichocho cha tumbo kwake ni ugonjwa wa maisha yote. Anameza dawa, anapona, kesho yake anarudi kwenye maji yaleyale. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inampa haki ya kutibiwa bure, lakini mara nyingi anafika dirisha la wazee na kuambiwa dawa akanunue nje. Mtu wa namna hiyo ukimweleza habari za kurefusha maisha ya samaki, ana haki ya kukuona humjali.

Wenye mashaka na utafiti wa wanyama wana hoja nyingine, na hii ni ya kisayansi: kinachofaulu kwa mnyama huenda kisifaulu kwa binadamu. Mwaka 2009 ilibainika kuwa dawa iitwayo rapamaisini hurefusha maisha ya panya, hata wakianza kuipata uzeeni. Mwaka 2014 dawa ya jamii hiyo iliwasaidia wazee wa Australia na New Zealand kuitikia vizuri zaidi chanjo ya mafua. Matumaini yakapanda. Kisha mwaka 2019 jaribio kubwa la dawa nyingine inayolenga mfumo uleule wa seli unaoguswa na rapamaisini likashindwa kuwakinga wazee na maradhi ya njia ya hewa.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaosema wanyama hawa ni kupoteza fedha. Mwaka 1996 maabara ya Jules Hoffmann huko Ufaransa ilionyesha kuwa jeni iitwayo Toll humkinga inzi wa matunda dhidi ya ukungu. Miaka miwili baadaye Bruce Beutler akaikuta jamaa yake kwenye panya, ikiutambua uvamizi wa bakteria. Sisi pia tunazo jeni za jamii hiyo. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011 iliwafikia wote wawili, na mengi tunayoyajua leo kuhusu namna kinga inavyoamshwa, zikiwemo chanjo, yanatokana na inzi yule.

Kwangu mimi kasoro iko kwenye usafi wa maabara. Mwaka 2016 watafiti wa Minnesota, Marekani, walionyesha kuwa panya wa maabara, hata akiwa mtu mzima, ana kinga inayofanana na ya mtoto mchanga wa binadamu. Walipomchanganya na panya wa duka la wanyama wa kufugwa, waliojaa vijidudu, kinga yake ikakomaa. Sasa fikiria dawa ya uzee iliyopimwa kwa panya yule wa kwanza, halafu apewe mzee wa Igombe aliyepambana na malaria, minyoo na kichocho kwa miaka 60.

Kwa binadamu wenyewe mambo si tofauti. Vitabu vinafundisha kuwa uzee huja na uvimbe wa chini kwa chini mwilini, yaani kinga inayobaki imewaka polepole bila kuzimika, unaochangia maradhi ya moyo na kisukari. Utafiti uliotoka mwaka 2025 ulilinganisha watu wa Italia na Singapore na jamii za Tsimane wa Bolivia na Orang Asli wa Malaysia, ambazo huishi na maambukizi mengi. Kwa jamii hizo mbili picha ya vitabuni haikuonekana vilevile: uvimbe ulikuwepo, lakini haukupanda na umri kwa namna iliyozoeleka, wala haukuambatana na maradhi yaleyale.

Je, wazee wa ziwa hili wako upande upi? Mwanza inaweza kulijibu swali hilo. Jaribio lililofanyika hapa na kuchapishwa mwaka 1995 lilionyesha kuwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40, na dunia ikalisoma. Kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kipo; hospitali ya Bugando ipo. Kinachotakiwa ni damu ya wazee wa visiwani ipimwe kabla na baada ya tiba ya kichocho, na kabla na baada ya chanjo, mwaka hadi mwaka, na majibu yawekwe kando ya yale ya samaki na panya. Na mzee anayetolewa damu hiyo apewe dawa yake siku hiyohiyo, palepale.