Nyangumi Wetu Yuko Turkana

Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe mwaka 2021, Turkana haikauki midomoni mwa watu barazani. Lakini ni Turkana ya bomba tu, lile linalopangwa kuleta mafuta hapa Lamu: mafuta ya Lokichar, huko Turkana, yatateremka lini, nani atapata kazi, nani ataachwa. Ziwa Turkana lenyewe halina anayelitaja. Ukilitaja wewe, utaambiwa, "Hayo ya bara waachie wa bara."

Mimi sikubali. Mwaka 1964, huko Loperot, katika bonde hilohilo la Lokichar, Mmarekani James Mead alichimbua mabaki ya nyangumi aliyegeuka jiwe. Nyangumi, tena wa jamii ile yenye mdomo mrefu uliochongoka, wanaoishi kwenye vilindi! Alitoka Bahari Hindi miaka ipatayo milioni 17 iliyopita, akapanda na mto, akapotelea huko. Leo mahali hapo pako kilomita 740 kutoka pwani, na mita 620 juu ya usawa wa bahari. Nahodha gani atakubali kwamba nyangumi alikwea mlima? Na kweli hakukwea. Wakati ule pale hapakufika hata mita 40 juu ya bahari. Ardhi ndiyo iliyoinuka baadaye, ikisukumwa kutoka chini. Afrika Mashariki ikachanika, na Ziwa Turkana limetuama ndani ya ufa huo.

Na mafuta tunayoyangoja nayo ni mazao ya ziwa: matope ya maziwa ya kale yaliyojaa mabaki ya viumbe, yakafukiwa, yakaivia ardhini.

Ziwa la leo lina maji ya magadi, na hakuna mto unaotoka humo. Zamani lilikuwa likifurika hadi kuungana na Nile, ndiyo maana lina sangara. Sasa takriban asilimia 90 ya maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na Omo umezibwa na bwawa la Gibe III. Mwaka 2018 UNESCO ikaziingiza hifadhi za ziwa hili kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata bandari ilipojengwa. Basi sisi wa Lamu ndio wa kusema ya ziwa ni ya bara? Siku wavuvi wetu watakapoitwa tena kuzungumzia mradi huu, nataka mvuvi wa Loiyangalani, kule ufuoni mwa Ziwa Turkana, naye apewe kiti.