Robota halifunguliwi mpaka lilipiwe

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iwe imeondoka sokoni ifikapo 2019. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kikaishtakia serikali yake, Washington ikatishia kuziondolea nchi hizi nafasi ya kuuza bidhaa bila ushuru chini ya mpango wa AGOA, na azimio likaanza kuyeyuka. Kenya, yenye viwanda vinavyoshona nguo za soko la Marekani, ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikalegea baadaye. Rwanda ikabaki peke yake: ushuru wa mitumba wa senti 20 za dola kwa kilo ilikwisha kuupandisha hadi dola 2.50. Kwa robota la kilo 45, hiyo ni kutoka dola 9 hadi zaidi ya 112. Julai 2018 Marekani ikasimamisha msamaha wa ushuru kwa mavazi ya Rwanda.

Wanaotaka marufuku huanza na majina ya viwanda vya nguo vilivyoanguka: Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, Kicomi ya Kisumu. Uchungu wao naelewa. Pamba inalimwa Usukumani, inasafirishwa ghafi, halafu tunanunua shuka lililochoka kwa wengine. Ila historia yao inaruka ukurasa. Viwanda vile vilikuwa vinaumwa vipuri, umeme, madeni na uongozi kabla mitumba haijatapakaa. Tena Mtanzania wa mwanzoni mwa miaka ya 80 alipanga foleni kutafuta khanga, na mara nyingine akarudi mikono mitupu. Mitumba ndiyo iliyokuja kumvisha.

Siku hizi mshindani mkali wa kiwanda ni nguo mpya za bei chee kutoka China. Ukiufunga mtumba, meza ya soko la Karume, Dar es Salaam, haitaachwa wazi kumsubiri mshonaji wa nyumbani. Na mama anayechagua shuka au pazia la mtumba si kwamba haipendi nchi yake; amelishika kitambaa, akajua ni pamba, litavumilia kufuliwa.

Hata hivyo, watetezi wa mitumba nao wana jambo wanalolipita haraka. Muuzaji hununua robota likiwa limefungwa, anachokiona ni lebo tu. Akilikata kamba ndipo ajue bahati yake: juu kuna zile safi ambazo soko la Gikomba, Nairobi, huziita kamera, zinazogombewa asubuhi, chini kuna fagia, yaani masalia ya bei ya chini, na chini ya fagia kuna matambara ya kutupwa. Msafirishaji wa ng'ambo ameshalipwa kwa uzito wote. Kwa hiyo taka za kwao tunazinunua, tunazilipia ushuru, kisha tunazitupa kwa gharama zetu.

Marufuku si dawa ya hilo. Nguo za ndani za mtumba Tanzania zimekatazwa miaka mingi, na ukizitaka unazipata kabla hujamaliza uchochoro. Mimi ningeanza bandarini: marobota yafunguliwe kwa sampuli, na shehena yenye matambara irudishwe kwa gharama ya aliyeituma. Nitaambiwa bei ya robota itapanda. Huenda ikapanda. Lakini yule dada aliyekopa kwenye kikoba kununua robota, akakuta theluthi yake haiuziki, tayari anailipa bei hiyo, na hakuna aliyeiandika popote.