Usiipe Laga Kali Alama kwa Funda la Kwanza

Bia ya kwanza ya aina ya laga yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) niliyowahi kuipa alama tisa kwa kumi, niliipa kabla sijafika funda la tatu. Ilikuwa imetoka kwenye jokofu saa ile ile, baridi ya kuuma meno, rangi ya dhahabu, povu jeupe limesimama, harufu ya maganda ya chungwa na majani mabichi. Kileo kilikuwa asilimia 7.5 na sikukisikia kabisa. Nikaandika kwamba haina kasoro. Nusu saa baadaye nikaikuta nusu glasi bado iko mezani, imeshapata joto, nikainywa. Ilikuwa nzito kama sharubati, na nyuma ya ulimi uchungu umeng'ang'ania kama shubiri. Bia ni ile ile.

Tangu siku hiyo sitoi alama mpaka glasi ikaribie kuisha. Baridi kali hutia ulimi ganzi: utamu hausikiki, kileo hakisikiki, harufu nazo hazinyanyuki. Anayehukumu laga kali, yenye kileo kingi, kwa funda la kwanza amehukumu jokofu.

Na laga haina stara, kasoro zake hazina pa kujificha. Hamira yake hufanya kazi kwenye ubaridi, takribani nyuzi 8 hadi 13 za Selsiasi, polepole, na haitoi kwa wingi zile harufu za matunda ambazo hamira za eli, aina nyingine ya bia, hutoa kwenye joto. Halafu bia hulazwa wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri ili itulie. Ukiifanya kali, maana yake umeongeza kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa), na kimea kingi ni sukari nyingi. Hamira ikichoka njiani, utamu unabaki. Mtengenezaji akikosa subira akaitoa mapema, utasikia siagi. Maji ya kimea yasipochemshwa vya kutosha, utasikia mahindi ya kuchemsha. Wengine wakifika hapo hurundika hopsi juu ya kasoro, wakidhani harufu ya chungwa itazifunika. Hufunika kwa dakika kumi.

Hopsi zenyewe nazipenda mno, ndiyo maana nakasirika zikitumiwa kama blanketi. Uchungu wake hutoka zikichemshwa kwa muda mrefu, lakini mafuta yake yenye harufu ni mepesi na hupotea na mvuke. Kwa hiyo anayetaka harufu huzitia mwishoni, au huziloweka kwenye bia baridi ambayo imeshachachuka. Agostino Arioli wa Birrificio Italiano, kiwanda kidogo cha bia cha Italia, alifanya hivyo na Tipopils, pilsna (laga ya rangi ya dhahabu yenye uchungu wa hopsi) aliyoianza mwaka 1996. Haizidi sana asilimia 5 za kileo, si kali, lakini kwangu ndiyo darasa la jambo hili: hopsi zinanukia kama maua na nyasi, na chini yake kimea bado kinasikika. Wazo la laga chungu ni la zamani zaidi. Josef Groll alipika pilsna ya kwanza mjini Plzeň, katika Jamhuri ya Czech ya leo, mwaka 1842 kwa hopsi za Saaz, na Pilsner Urquell ya leo, mrithi wa bia hiyo, yenye asilimia 4.4 tu, bado inaacha uchungu unaoondoka kwa adabu.

Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye bia ya asilimia 7 au 8: uchungu uje, useme, uondoke. Namba ya IBU, kipimo cha uchungu, kwenye lebo siitegemei, kwa sababu inapima vitu vilivyomo kwenye bia na si jinsi ulimi utakavyovipokea penye utamu mwingi.

Wapo wanaodharau mchele au mahindi kwenye laga, wakiita ujanja wa viwanda vikubwa. Siwaungi mkono. Kevin Davey alipotengeneza Cold IPA, bia nyepesi yenye hopsi nyingi, kwenye kiwanda cha Wayfinder, Portland, Marekani, mwaka 2018, nafaka hizo ndizo zilizopunguza uzito wa bia ili hopsi zipate nafasi. Yeye huchachusha kwa hamira ya laga kwenye joto la juu kidogo kuliko kawaida ya laga, hivyo mimi siipimi kwa mizani ya laga tupu, ila somo la wepesi nalichukua.

Kabla ya kufungua natazama tarehe ya kujazwa, maana harufu ya hopsi huanza kufifia ndani ya wiki chache na baadaye bia huwa na ladha ya karatasi iliyolowa. Chupa ya kijani au nyeupe iliyokaa kwenye mwanga naiacha. Mwanga huharibu hopsi zikatoa harufu kali ya kicheche.

Kisha namimina glasi mbili. Ya kwanza nainywa, ya pili naiacha mezani dakika ishirini. Juzi nilifanya hivyo na laga ya asilimia 8. Glasi ya kwanza ilikuwa nzuri tu, karibu niipe sita. Ya pili ilipopata joto ikatoa mkate, asali kidogo, kisha mnanaa, na uchungu ukapita koo ukaisha. Nikafuta sita, nikaandika tisa.