"Malaika Wetu" kwenye msalaba wa mtoto

Msalaba ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi nyeupe. Fundi alikuwa ameandika jina la mtoto, tarehe mbili zilizopishana kwa miezi saba tu, na chini kabisa: "Malaika Wetu". Katekista, ambaye kwetu tunamwita mwalimu, aliusoma akanyamaza. Tuliporudi msibani ndipo akamvuta kando shangazi wa mtoto na kumwambia ule mstari wa mwisho ungefutwa, kwa sababu mtu hafi akawa malaika.

Shangazi akamtazama. "Mwalimu, na alipokuwa hai tulikuwa tunamwitaje?"

Kwa upande wa mafundisho, mwalimu hakukosea. Mtakatifu Augustino aliwahi kueleza kwamba "malaika" ni jina la kazi, yaani mjumbe. Asili yao ni roho. Hawakuwahi kuwa na mwili, hawakuzaliwa na mtu. Binadamu ni mwili na roho, na Ukristo mzima unangojea ufufuo wa mwili huo. Ukisema marehemu kageuka malaika, umeshaufuta ufufuo wake bila kukusudia. Katika Luka 16:22 Lazaro maskini anakufa na "kuchukuliwa na malaika mpaka kifuani kwa Ibrahimu". Wanambeba, yeye anabaki Lazaro.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi uko kwenye kalenda. Tarehe 28 Desemba Wakatoliki huwakumbuka watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Kama kulikuwa na nafasi ya kuwaita watoto wachanga waliokufa malaika, ilikuwa hiyo. Kanisa likawaita mashahidi, watakatifu. Watu.

Wanaobisha nao wana andiko. Mathayo 22:30 inasema katika kiyama watu "huwa kama malaika mbinguni", na Luka 20:36 inaongeza uzito: "sawasawa na malaika". Lakini Yesu alikuwa akiwajibu Masadukayo, Wayahudi waliokana ufufuo, na kile kisa chao cha mke mmoja aliyeolewa na ndugu saba kwa zamu. Hoja ilikuwa ndoa na kutokufa, na Luka hapohapo anawaita watu hao "wana wa ufufuo". Wapo waliokwenda mbali zaidi. Mswidi Emanuel Swedenborg, katika kitabu chake cha mwaka 1758 kuhusu mbingu na jehanamu, alifundisha kwamba malaika wote walianza wakiwa binadamu. Makanisa makubwa hayakumfuata.

Tena, kumwita mtoto malaika kwa maana hiyo huenda ni kumshusha. Waebrania 2:7 inamweka mtu "mdogo punde kuliko malaika", sawa, lakini Paulo anawaambia Wakorintho kwamba watawahukumu malaika (1 Kor 6:3), na Waebrania 1:14 inawataja malaika kuwa roho watumikao, wanaotumwa kuwahudumia watakaourithi wokovu. Mrithi na mtumishi si cheo kimoja.

Hata hivyo jibu la shangazi halinitoki kichwani. Kiswahili kimemwita mtoto mchanga malaika tangu zamani, pwani na bara, kwa Waislamu na Wakristo. Hata vinyweleo laini vya mwilini tunaviita malaika, na hakuna anayetafuta mabawa. Aliyeandikisha msalaba ule hakuwa anatunga fundisho la asili ya roho. Alilibeba jina la nyumbani akalipeleka kaburini. Mwalimu alisoma kama katekisimu kitu kilichoandikwa kama jina la kubembelezea.

Nadhani liko na jambo jingine, ambalo wachungaji hawapendi kuliona. Neno hili linajibu swali la mama: mtoto wangu yuko wapi? Kwa karne nyingi mama Mkatoliki ambaye mtoto wake alikufa kabla ya ubatizo aliambiwa habari za limbo, mahali pasipo mateso lakini pasipo kumwona Mungu. Mwaka 2007 tu ndipo Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikani ilipotoa waraka wa kurasa nyingi ukisema ipo misingi ya kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Waraka huo haujafika kwenye matanga mengi. "Ni malaika" limefika, tena bila kusitasita.

Kwa hiyo msalaba ningeuacha. Ninachokikataa ni sentensi nyingine, iliyosemwa siku hiyohiyo na mzee mmoja aliyepewa nafasi ya kutoa pole: "Mungu alikuwa anahitaji malaika mwingine." Hapo si jina tena, ni sababu ya kifo. Ufunuo 5:11 inahesabu malaika kuzunguka kiti cha enzi "elfu kumi mara elfu kumi, na elfu mara elfu". Huko juu hakuna upungufu wa kuzibwa na mtoto wa miezi saba. Mtoto alikufa kwa malaria. Mama yake, aliyekuwa amekaa mkekani kichwa amekiinamisha, aliinua macho aliposikia maneno hayo, akamwangalia yule mzee mpaka alipomaliza na kukaa.

Mwalimu alikuwepo. Hilo hakulisahihisha.