Mtoto akitimiza miaka saba, ni wa baba?

Ukikaa na wazazi wenza walioachana hapa Tanzania, hutakosa kusikia: "Akifika miaka saba namchukua mwanangu." Akina baba wanahesabu miaka wakiingoja siku hiyo, akina mama wanaihesabu wakiiogopa.

Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Hakuna kinaposema kwamba akitimiza saba akabidhiwe baba. Tena kinaitaka mahakama iangalie ubaya wa kumhamishahamisha mtoto, na izingatie matakwa yake mwenyewe kama ameshafikia umri wa kujieleza.

Hata hivyo siwabezi akina baba wanaoing'ang'ania namba hiyo. Mwanamume aliyezoea kumwogesha mwanawe na kumlaza anageuka mgeni wa Jumamosi, na wakati mwingine hata hiyo Jumamosi anazungushwa. Saba ndiyo tumaini alilobaki nalo. Na kwa koo zinazofuata upande wa baba, mtoto kukulia ujombani ni jambo zito. Sheria yenyewe inataja mila za jamii kati ya mambo ya kuzingatiwa.

Mama naye ana lake, na mimi linanigusa zaidi. Kifungu cha 129 kinambebesha baba matunzo ya mtoto popote mtoto anapoishi, lakini kuyapata ni kazi. Mama anakwenda ustawi wa jamii, baba anaitwa, anaahidi, analeta miezi miwili, wa tatu simu haipokelewi. Mtoto akishajua kuoga na kufua soksi zake, baba huyo anajitokeza. Na mara nyingi hamchukui akae naye: anampeleka kijijini kwa bibi, au anamwachia mama wa kambo ambaye hakuulizwa.

Nilikuwepo kwa jirani siku mtoto wao alipokuja kuchukuliwa. Baba yuko nje na bodaboda, mama anakunja nguo anaziingiza kwenye begi la shule. Mtoto alikuwa ameambiwa anakwenda likizo. Akauliza, "Mama, na viatu vya shule nibebe?" Mama akaendelea kukunja.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "hatoi matunzo, hamwoni mtoto", wala na wanaojibu "simwoni mtoto, sitoi hela". Ada, chakula na kuwaona wazazi wote wawili ni haki za mtoto. Anayezuia kimoja ili apate kingine anamkopa asiye na cha kukopesha.

Kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani, kwa kawaida wanandoa hupitia baraza la usuluhishi. Kikao kikishindwa kuokoa ndoa, kisifungwe kabla ya kuulizwa habari za mtoto, na baba anayesubiri miaka saba aulizwe palepale: atakaa naye mwenyewe? Atasoma wapi, na muhula uliopo utaishaje? Saa kumi na moja alfajiri nani atamwamsha? Akiwa na majibu, hana haja ya kungoja saba. Dai lake lisikilizwe hata mtoto akiwa na mitano.