Ncha ya Kunde Ikichumwa: Auksini au Sukari Ndiyo Inayoamsha Matawi?

Anayechuma kunde kwa ajili ya mboga, kila anapovunja ncha ya mmea, hurudia bila kukusudia jaribio ambalo wanabiolojia wamelibishania kwa takriban miaka 90. Siku chache baada ya ncha kuondoka, machipukizi yaliyokuwa yamelala kwenye makwapa ya majani huamka, na mmea uliokuwa na shina moja hugeuka kichaka. Maelezo tuliyofundishwa shuleni ni kwamba ncha hutengeneza homoni iitwayo auksini, auksini hushuka ndani ya shina na kuyazuia machipukizi ya pembeni, na ncha ikikatwa kizuizi nacho huondoka. Maelezo hayo si ya uongo, lakini kwa maoni yangu yanaipa auksini cheo kikubwa kuliko kazi yake.

Ushahidi wa upande wa auksini ni mzito na haufai kubezwa. Mwaka 1933 Kenneth Thimann na Folke Skoog, wakiwa California, walikata ncha za mimea ya Vicia faba, yale maharage makubwa ambayo Wamisri huyapika ful, kisha wakapaka auksini penye jeraha. Machipukizi ya chini yakabaki yamelala kana kwamba ncha haijaguswa. Tatizo lilijitokeza baadaye, ilipotumika auksini iliyotiwa alama ya mionzi: ile inayoshuka kutoka kwenye ncha haiingii ndani ya chipukizi linalodaiwa kuzuiwa nayo. Hapo ndipo wajumbe wengine walipoanza kutafutwa. Saitokinini, homoni nyingine ya mimea, ilionekana kuamsha machipukizi, ilhali njegere zenye kasoro ya kurithi, zinazotoa matawi kupita kiasi, zilidokeza kuwapo kwa mjumbe mwingine anayelaza. Shina la baadhi ya njegere hizo lilipobebeshwa juu ya mizizi ya njegere ya kawaida, matawi yalipungua, maana yake mizizi ilikuwa ikipandisha kitu. Mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba kitu hicho ni cha jamii ya homoni ziitwazo strigolaktoni.

Hata hivyo, hoja inayoitikisa zaidi nadharia ya zamani ni ya saa. Auksini husafiri ndani ya shina kwa mwendo wa kama sentimita 1 kwa saa. Katika njegere ndefu, chipukizi lililo sentimita 40 chini ya ncha huanza kukua kabla upungufu wa auksini haujafika hapo, na kizuizi ambacho bado kipo hakiwezi kusemwa kwamba kimeondoka. Mwaka 2014 kundi la Christine Beveridge wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, lilieleza kwamba kinachowahi ni sukari: ncha ni mlaji mkubwa, na ikikatwa, chakula kilichokuwa kikielekea juu hugeukia machipukizi kwa kasi kubwa mno kuliko ile ya auksini. Watafiti hao walipopitisha sukari kwenye kikonyo cha jani, machipukizi yaliamka ncha ikiwa bado ipo mahali pake. Na walipoyaondoa majani kabla ya kukata ncha, yalishindwa kuamka.

Tokeo hilo la mwisho linanirudisha shambani. Mchumaji mzoefu wa kunde huvunja ncha pamoja na majani mawili matatu machanga, akayaacha yale yaliyokomaa chini. Anayepukuta mmea mzima kwa pupa husubiri mno kabla ya kupata uchumaji wa pili. Nadharia ya auksini peke yake haielezi tofauti hiyo, kwa kuwa ncha imeondoka kwa wote wawili.

Je, basi auksini iondolewe kwenye kiti? La. Sukari huanzisha safari bila kuimaliza. Auksini inayopakwa penye jeraha la njegere haizuii hatua ya kwanza ya kuamka, lakini hatua inayofuata, ya chipukizi kurefuka hadi kuwa tawi, hukwama. Kwa hiyo naona ugomvi huu umekuzwa kwa sehemu fulani na mazoea ya kuuliza ni nani mwenye amri, wakati swali lenye tija ni nani anafanya kazi saa ngapi.

Urefu wa mmea wenyewe ulionekana kuwa jambo rahisi zaidi. Gregor Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, alihesabu njegere ndefu 787 na fupi 277, na mwaka 1997 ikathibitika kwamba jeni iliyo nyuma ya tofauti hiyo ina maelekezo ya kimeng'enya kinachokamilisha jiberelini, homoni inayorefusha pingili. Lakini hapa pia ncha imo: watafiti wa Tasmania walionyesha kwamba ikikatwa, jiberelini hiyo hupungua kwenye pingili za chini yake, na ikipakwa auksini hurudi. Urefu na matawi, kumbe, vinagawana mjumbe mmoja.

Kwa wazalishaji wa mbegu kishawishi ni kupata kunde zenye strigolaktoni kidogo, kwa kuwa zingetawanya matawi na hata kukwepa Alectra vogelii, gugu lenye maua ya manjano linalonyonya mizizi ya kunde na ambalo mbegu zake huamshwa na homoni hiyohiyo inapovuja ardhini. Faida hiyo ni ya kweli, ila mimi ningeisogelea kwa hadhari. Strigolaktoni ndizo zinazoita kuvu wanaousaidia mmea kupata fosforasi, na njegere zisizoweza kuzitengeneza huwa na vinundu vichache vya naitrojeni. Isitoshe, kunde husifiwa kama mtego wa kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka: mizizi yake huamsha mbegu za kiduha ardhini, zikaota, zikakosa mzizi wa nafaka wa kunyonya, zikafa. Mkulima anayepokezanisha kunde na mahindi angefurahia matawi mengi msimu huu, kisha msimu wa mahindi akakutana na mbegu za kiduha ambazo kunde zake hazikuziamsha.