Malindi Si Ua wa Nyuma wa Mombasa

Juma lililopita, ndani ya matatu iliyotutoa Mombasa, abiria mmoja alimweleza mwenziwe kwamba Malindi ni mji wa kwenda asubuhi na kurudi jioni, kwani ukishaiona nguzo ya Vasco da Gama umeumaliza. Nilinyamaza kwa adabu hadi tukapita Kilifi, na adabu hiyo imenikaa kooni tangu siku ile.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sisi wenyewe watu wa Malindi ndio tuliomfunza. Mgeni akishuka stendi, tuktuk humkimbiza moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya Mreno aliyetia nanga hapa mwaka 1498, akakirimiwa, akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India, kisha akaenda zake. Twiga wa Malindi alikuwa ameshafikishwa kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415, miaka 83 kabla ya ugeni huo, lakini nani amwambie mtalii? Makaburi ya nguzo yaliyo kando ya Msikiti wa Juma, moja lao la tangu karne ya 15, hayamfanyi dereva hata apunguze mwendo. Ijumaa nilisimama pale kuyatazama: chokaa imebanduka, matumbawe yametokeza kama mbavu, na mbuzi wawili walikuwa wamejilaza kivulini mwa ukuta. Muuza kahawa aliyekuwa akipita akigonganisha vikombe vyake alinihurumia.

“Kaka, wamtafuta nani hapa?”

“Wenye mji,” nikamjibu, naye akacheka, akanimiminia kikombe bila kunidai.

Nakiri, shingo upande, kwamba tukiugua sana twakimbilia Mombasa, na kwamba mto Sabaki ukifurika bahari yetu hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Lakini ukubwa wa Mombasa una deni kwetu: Wareno walipoanza kujenga ngome ya Fort Jesus huko Mombasa mwaka 1593, walimchukua mtawala wa Malindi wakamkalisha huko, na mji wetu ukadorora kwa muda mrefu. Leo wajukuu wa mji uliotwaliwa mfalme wake wanaambiwa kwamba wao ni kitongoji.

Jioni ya siku ile ya safari nilimkuta yule abiria wa matatu stendi, picha ya nguzo imo katika simu yake, akiuliza gari la kurudi litajaa saa ngapi. Hatua chache kutoka hapo, viazi vya karai vilikuwa ndiyo kwanza vinaepuliwa.